Nina miaka 41, naimba alto, nataka kujifunza kinanda: ninunue kipi na nianzie wapi?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Segerea, nalifupisha tu. Ana miaka 41, anaimba alto kwaya ya kanisani toka akiwa msichana, solfa anasoma vizuri ila kinanda hajawahi kukaa nacho hata siku moja. Ametenga laki tano. Kaenda Kariakoo, duka la kwanza wakamwonyesha kinanda chenye sauti mia sita na mataa ya rangi, la pili wakamwambia asiguse chochote chini ya kii 88 (kii ni vile vibonyezo vya kupigia), la tatu wakamtolea kadogo ka bei chee, "cha kuanzia hiki mama". Anaishi nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani. Anauliza achukue kipi, na je kwa umri huo vidole vitakubali au anajisumbua bure, na lini ataweza kupiga kanisani.

Dada yangu, vidole vitakubali, hilo tulimalize mapema ili tuongelee hela. Nafundisha watu wazima hapa Dar na wengi wanaokwama hawakwami kwa umri, wanakwama kwa sababu walinunua chombo kisichosikia kidole, au wanapiga jumamosi masaa matatu mfululizo alafu wanakifunika mpaka jumamosi nyingine. Mtoto ana muda kuliko wewe, sawa, lakini we una sikio. Miaka yote hiyo umesimama katikati ya soprano na tenor unashika sauti yako bila kuyumba, hiyo kazi kuna watu wanapiga kinanda miaka na hawaiwezi. Kwaiyo hauanzi sifuri.

Sasa kununua. Kama utasahau mengine yote hili usilisahau: chukua kinanda chenye tachi. Yani ukibonyeza kwa upole kinalia kwa upole, ukikandamiza kwa nguvu kinalia kwa nguvu. Kisichokuwa na tachi kinalia kiwango kilekile hata ukibonyeza vipi, na shida yake haionekani siku ya kwanza, inaonekana baada ya miezi, mana kidole kinazoea kugonga ovyo hakuna kinachokirekebisha, siku ukikaa kwenye kinanda kizuri cha kanisani noti moja inapiga kelele nyingine haisikiki na hujui unafanyaje. Hela yako ilipie hicho kwanza. Sauti mia sita ni za kufurahisha dukani, nyumbani utatumia piano, orgeni, labda na nyuzi zile za kuvuta, basi.

Kwa ndani inafanya hivi: chini ya kila kii kuna mpira wenye miguso miwili, mmoja unagusa mapema kidogo kuliko mwenzake, chombo kinapima muda uliopita kati ya huo wa kwanza na wa pili. Ukipiga kwa nguvu muda unakuwa mfupi, sauti inatoka kubwa, ukipiga taratibu muda unakuwa mrefu. Naeleza hivi kwa sababu utakuja kuihitaji hii tukifika kwenye mitumba.

Majina ya kuangalia. Kwa Yamaha kuna familia ya PSR-E, na hapa kuna kanuni nyepesi sana, zile ambazo namba yake inaanza na 2 (E253, E263, E273) hazina tachi, zinazoanza na 3 au 4 (E353, E363, E373, E383, E433 na kuendelea) zinayo. Kwa macho E273 na E373 ni kama ndugu, kii 61 zote, nyeusi zote, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukwambia ni kitu kilekile. Hapana. Kwa Casio kuna CT-S200 na CT-S300, nazo zinafanana, 200 haina tachi na 300 inayo. Mi ningekuwa na laki tano yako ningeitafuta PSR-E3 yoyote ya mtumba iliyotunzwa, au CT-S300. Mpya kabisa ya kampuni hizi yenye tachi kwa laki tano sitegemei uipate kirahisi, ukiongeza usafiri na kodi ya serikali na kupanda kwa dola bei inasogea, kwaiyo usikubali kubadilishiwa na mpya isiyo na tachi eti kwa vile iko kwenye boksi. Mtumba yenye tachi inaishinda mpya isiyonayo, hapo siyumbi.

Kuhusu kii 88, huyo wa duka la pili hajakudanganya ila amejibu swali ambalo hukuuliza. Kinanda cha kii 88 zenye uzito kama piano, mfano Yamaha P-45 au Casio CDP-S110, ni kizuri mno na kama ungekuwa unataka kupiga muziki wa piano ule wa Ulaya ningekwambia subiri, kusanya, nunua hicho. Lakini nyimbo za kwaya za sauti nne, besi ya chini kabisa mpaka soprano ya juu kabisa, zinakaa zote ndani ya kii 61 na nafasi inabaki. Alafu P-45 ni kilo 11 na nusu, CT-S300 haifiki hata kilo nne, we mwenyewe fikiria kukipeleka mazoezi ya kwaya jumatano jioni. Zaidi ya 61 huhitaji kwa sasa, chini ya 61 usishuke.

Ka bei chee ka duka la tatu ndo kale ka kukakimbia. Vile vidogo vya kii 37, 49, 54 vingi ni vya kuchezea watoto na kii zake ni nyembamba, mkono wako ukizoea nafasi finyu unakuja kupotea kwenye kinanda cha kawaida. Nenda na rula ya mtoto wa shule kwenye pochi. Kii saba nyeupe zikiwa zimepangana zinatakiwa zichukue kama sentimita 16 na nusu. Ikija 14 au 15 rudisha rula kwenye pochi, aga, ondoka.

Na kuna mtego mwingine Kariakoo, hasa mitaa inayouza vifaa vya studio. Utaona kinanda kizuri, chembamba, kii 61, bei inakaa vizuri, kumbe ni kile cha midi, hakina spika, hakina sauti yoyote ndani yake, kazi yake ni kuchomekwa kwenye kompyuta ya prodyuza wa Bongo Fleva. Ni chombo halali kabisa ila sio chako. Ukiona hakina spika mbili juu yake, uliza kabla hujafungua pochi.

Sasa namna ya kukikagua, hapa twende polepole mana ndo watu wanapoteza hela. Nenda siku ya kazi asubuhi, sio jumamosi saa sita maduka yote yamefungulia miziki huwezi kusikia kitu. Beba na hedifoni zako za waya. Mwambie akiwashe, sauti iwe ya kati, na uchague piano ile namba moja kabisa, usijaribu tachi kwa sauti ya orgeni, mana sauti za orgeni nyingi hazibadiliki hata kama kinanda kina tachi, na utakikataa kinanda kizuri bure. Chukua kii moja katikati, iguse kama unamwamsha mtoto mchanga, alafu ipige. Tofauti isikike wazi. Isiposikika, kabla hujakata tamaa mwombe aingie kwenye settingi, kuna sehemu tachi inazimwaga, pengine mwenye nacho wa mwanzo aliizima.

Ikikubali, usiishie hapo. Anza kii ya kushoto kabisa piga zote 61 moja moja mpaka kulia, nyeupe na nyeusi, kwa upole uleule. Muuzaji atachoka, mwache achoke, hela ni yako. Unatafuta vitu viwili: kii ambayo ukiigusa kwa upole hailii kabisa, na kii ambayo hata uiguse vipi inalia kwa kelele peke yake kuliko wenzake. Zote mbili maana yake ile miguso ya chini imeshika vumbi au unyevu, na hapa pwani unyevu haumwachi mtu salama. Ikiwa ni moja au mbili sio msiba, fundi anayejua anafungua, anasafisha na spiriti, inarudi. Zikiwa sita saba zimetapakaa huku na huku, hicho kimekaa vibaya muda mrefu, achana nacho. Chomeka hedifoni, zungusha sauti juu chini, kama kuna mkwaruzo utausikia hapo hapo. Kama pini yako ni nyembamba na tundu ni nene, ambayo kwa PSR nyingi ndo ilivyo, waambie wakupe kiunganishi, kinapatikana.

Geuza kinanda, fungua sehemu ya betri. Ukikuta unga wa kijani au mweupe ujue betri zilivujia humo. Hii sehemu usiidharau, PSR-E373 au CT-S300 inakula betri sita za kawaida na siku umeme umekatika ndo zitakuokoa.

Adapta. Hii imeua vinanda vingi kuliko vumbi. Mitumba mingine inatoka Japani ambako umeme wao ni volti 100, wa kwetu ni 230, adapta iliyoandikwa 100V peke yake ukiichomeka hapa imekufa hapo hapo na inaweza kuondoka na kinanda. Soma maandishi madogo kwenye adapta, yanatakiwa yaseme 100-240V, au 220-240V. Alafu upande wa kutoa, linganisha na yaliyoandikwa nyuma ya kinanda penyewe, Yamaha nyingi hizi zinataka volti 12 na ncha ya katikati ni chanya, Casio nyingi za zamani zinataka volti 9 na katikati ni hasi, yani zimegeuziana. Kuna kamchoro kadogo ka duara na alama za kujumlisha na kutoa, kapo kwenye adapta na kapo kwenye kinanda, vifanane. Muuzaji akikwambia "hii inaingia, angalia" mjibu kwamba kuingia inaingia, unataka kuona mchoro.

Usimalize laki tano yote kwenye kinanda. Bakiza kama laki moja ya stendi, pedali na hedifoni kama huna. Pedali ni ile ya kukanyaga ili noti ziendelee kulia, sio lazima mwezi wa kwanza lakini utaitaka. Ukiichomeka na ukaona inafanya kinyume, ukikanyaga inakata na ukiachia inaendelea, zima kinanda, toa mguu kabisa, washa tena, vinanda vingi vinasoma pedali wakati vinawaka na ukiwa umekanyaga vinajisomea vibaya. Hedifoni ndo jibu la jirani yako, ila iwe ya waya, zile za bluetooth zinachelewesha sauti kidogo, kidole kimeshatua sauti bado iko njiani, huwezi kujifunza kupiga kwa wakati namna hiyo. Stendi nayo inasaidia kitu ambacho watu hawakioni, ukikiweka juu ya meza ya chakula kinakuwa juu mno, mabega yanapanda, baada ya dakika kumi shingo inauma unafikiri ni uzee. Ukikaa, kiwiko chako kiwe usawa na kii au juu yake kidogo tu. Kiti cha plastiki cha kawaida kinatosha, ongeza mto. Na ukimaliza kupiga kifunike na kanga, kisikae karibu na dirisha, betri zitoe kama hutumii.

Kitu kimoja kabla ya kuanza, na nakisema kwa heshima: kucha. Kinanda kinapigwa na ncha ya kidole kikiwa kimejikunja kidogo, kucha ndefu au za kubandika zinakulazimisha unyooshe vidole na hapo hakuna mkono. Zikate fupi.

Haya, kujifunza. Wengi watakwambia anza na noti za mistari, ukurasa wa kwanza, "hii ni C hii ni D". Wewe usianzie hapo, utakuja huko baadae. Wewe anzia kwenye solfa, zile doh re mi zinazoandikwa d r m, mana ndo lugha yako. Solfa ilitengenezwa Uingereza karne ya 19 na John Curwen ndo aliyeisambaza, akiendeleza kazi ya Sarah Glover, na lengo lilikuwa mtu wa kawaida asiye na piano nyumbani aweze kuimba sauti nne. Leo ndo inakuja kukupeleka kwenye kinanda.

Tafuta doh kwanza. Angalia kii nyeusi, zimekaa mafungu ya mbili na ya tatu. Kii nyeupe iliyo kushoto mwa fungu la mbili ni C, popote ulipo. Kwenye kinanda cha kii 61 hesabu C kutoka kushoto, ya tatu ndo ya katikati, weka kidole gumba cha kulia hapo. Doh ikiwa C, kupanda d r m f s l t d ni kii nyeupe tupu, kwa majina yake C D E F G A B C. Sasa angalia kwa makini kitu ambacho koo lako linakijua tayari. Ukiimba m kwenda f unajua ni padogo, na t kwenda d padogo, kwengine kote panaruka. Kwenye kinanda kati ya E na F hakuna kii nyeusi, kati ya B na C hakuna kii nyeusi. Ni kitu kilekile. Kii nyeusi ziko kila sehemu ambayo sauti yako inaruka hatua nzima.

Ukishaliona hilo hutakariri kii nyeusi maisha yako yote, utazijua kwa hesabu ya koo. Wimbo umeandikwa Doh ni G? Anza G panda, ukifika t lazima iwe jirani kabisa na d ya juu ambayo ni G, kwaiyo F nyeupe iko mbali, unachukua nyeusi iliyo juu yake. Doh ni F? Ukifika m uko kwenye A, f lazima igusane nayo, kwaiyo unachukua nyeusi iliyo kati ya A na B. Imba huku unatafuta, sikio litakwambia ukikosea kabla hata mtu hajakwambia.

Wimbo wa kwanza, na hapa walimu wenzangu wengine hatukubaliani lakini nimeona inafanya kazi: usianze na soprano, anza na alto yako. Chukua kitabu chenu cha nyimbo, tafuta wimbo unaoujua hata ukiamshwa usiku, upige sauti yako. Alto mara nyingi inazunguka ndani ya noti nne tano, kwaiyo vidole vitano vinaenea bila mkono kuhama, gumba kwenye d, cha pili r, cha tatu m, cha nne f, kidogo s. Imba unapopiga. Ikishuka chini ya d sogeza mkono mzima, usijibane. Wiki ya kwanza fanya hivo tu, mkono wa kulia peke yake, alafu wa kushoto peke yake noti zilezile, kidole kidogo ndo kinakaa kwenye d. Utaona wa kushoto ni mgumu kama sio wako, ni kawaida kwa kila mtu, ndo mana upige peke yake kila siku japo dakika tano.

Baada ya hapo kodi, yani noti tatu kwa pamoja. Tatu tu zinakutosha miezi ya mwanzo: d m s, alafu d f l, alafu t r s, hiyo t ikiwa ile ya chini ya d. Ziangalie zilivyo karibu. Kutoka d m s kwenda d f l gumba halihami, vidole vingine viwili vinapanda hatua moja moja. Kutoka d m s kwenda t r s kidole kidogo kinabaki kwenye s, vingine vinashuka moja moja. Mkono haurukiruki, unapumua tu palepale. Mkono wa kushoto unapiga noti moja ya besi, d kwa ya kwanza, f kwa ya pili, s kwa ya tatu. Badilisha polepole mpaka usiangalie. Nyimbo za ibada zinazobebwa na kodi hizi tatu ni nyingi kuliko unavyodhani, na ukiongeza l d m unakuwa umepata mlango wa nusu ya mapambio.

Mwendo uwe wa pole kupita unavyotaka. Metronomu, ile ya kugonga mapigo, iko bure kwenye simu, weka 60, noti moja kwa kila mlio. Ukikosea sehemu usirudi mwanzo wa wimbo, hii tabia ya kurudi mwanzo ndo inafanya watu wajue mistari miwili ya mwanzo ya kila wimbo na mwisho wa wimbo hata mmoja hawaujui. Chukua baa mbili (vile vipande vya wimbo vilivyogawanywa na mistari ya kusimama) zilizokushinda, zipige mkono mmoja, mwingine, alafu pamoja, zikishakubali unga na za mbele yake. Rekodi kwenye simu mara moja kwa wiki, ukisikiliza utajua unapokimbia, mana wakati unapiga hujisikii.

Dakika ishirini kila siku. Najua unatoka kazini, foleni ya Mandela inakumaliza, unafika nyumbani saa mbili, ndo mana nasema ishirini. Vidole vinajifunza zaidi ukirudia leo na kesho na usingizi ukipita katikati, kuliko kukaa masaa matatu siku moja. Kiache kinanda kwenye stendi, kimeshachomekwa, hedifoni juu yake, kikikaa kwenye boksi chini ya kitanda hutakitoa. Siku umechoka kabisa piga kodi tatu zile dakika tano, zima, kalale. Kifundo cha mkono kikianza kuuma acha hapo hapo, maumivu sio sehemu ya mazoezi, ni dalili umejikaza au umekaa vibaya.

Vidio za mtandaoni zile za vijiti vinavyodondoka vya rangi, na vinanda vyenye kii za kuwaka taa, sivipendi kwa mtu kama wewe. Vinafundisha jicho kufuata taa, zikizimwa taa mtu hana kitu, na wewe una sikio zima la kwaya linakaa bure. Vidio ya mwalimu anayeonyesha mkono na kueleza ni nzuri, pakua moja uitumie wiki nzima, usile bando kuruka ruka. Mwalimu wa ana kwa ana ukimpata hata mara mbili kwa mwezi ni bora zaidi, mara nyingi yupo hapo hapo kanisani, mpiga kinanda wenu. Mwombe aangalie mkono wako na ukaaji wako, hivyo ndo vitu ambavyo simu haikuambii. Kama huko mbele utataka kusoma muziki kama fani kabisa kuna TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, ila kwa sasa huhitaji.

Nimalizie na kitufe cha transpozi, kile cha kuhamisha sauti ya kinanda chote. Utaona wapigaji wengi wanapiga kila wimbo kwa C alafu wanabonyeza hicho. Kumlaani mtu simlaani, ibada imeanza, kiongozi kaanzisha wimbo pasipojulikana, mtu anajiokoa. Lakini wewe ukiwa nyumbani kisahau. Ukikitegemea, siku gitaa la besi likikuuliza "tuko wapi" utajibu C wakati kinanda kinalia E flati, yani ile nyeusi iliyo kushoto mwa E, mtagongana mbele ya watu. Jifunze Doh ni C, ikikaa ingia G, alafu F, kila moja ichukue mwezi au zaidi hakuna shida, hesabu yake umeshaijua. Baada ya hizo tatu tafuta D na B flati.

Umeuliza pia lini utaweza kupiga kanisani. Kwa dakika ishirini za kila siku, na kwa sikio ulilonalo, kusindikiza wimbo mmoja mwepesi kwa kodi na besi ndani ya miezi sita mpaka tisa ni kitu kinachowezekana kabisa. Kupiga sauti zote nne zilivyoandikwa ni miaka, na hilo wapige wanaolipiga. Usijitolee jumapili ya ibada kuu. Anza mazoezi ya kwaya, mwombe mwalimu wenu akupe wimbo mmoja wiki mbili kabla, akwambie Doh ni ngapi na asibadilishe, alafu jumatano hiyo mpiga kinanda wenu akae pembeni yako. Kuhusu kinanda chenyewe, ukipata kimoja dukani na una wasiwasi piga picha ya nyuma palipoandikwa modeli na volti, na picha ya adapta, nitumie kabla hujalipa.